Penseli Nimeiweka Upande Wako

Jumamosi ya kwanza ulisimama mlangoni,
kofia ya pikipiki kwapani,
ukasema umekuja kuuliza tu, si kukaa.
Nikakusogezea kiti chenye mguu mfupi,
maana kile kizuri kilibeba madaftari ya ubatizo.
Chumba hiki nyuma ya kanisa hakina mapambo:
meza, dirisha linaloutazama Mwamba wa Tororo,
na vumbi la saruji ninalolifuta asubuhi,
saa sita limerudi, kama mdai.

Nikauliza: baba yako nani?
Ukajibu upesi. Emojong.
Na baba yake? Ukajibu, ukivuta maneno.
Na mama yake huyo?
Ukatazama kofia. Ukaifungua kamba, ukaifunga.
"Sisi kwetu hatukusoma," ukaniambia,
kana kwamba nilikuwa nimeuliza habari za shule.

Nikupe siri yangu, Ojilong.
Mwaka nilioanza kazi hii isiyo na mshahara
alikuja mama mmoja kutoka Mulanda, Nyaketcho.
Nilikuwa nakisoma Kilatini cha mapadri, nikajiona.
Nikamjazia ukoo mzima kwa nusu saa,
vizazi vitano, mistari imenyooka kwa rula,
nikamkabidhi kama fundi anavyokabidhi suti.
Akasema asante. Akaikunja mara nne.
Jioni karatasi niliikuta kwenye benchi la nje,
juu yake maganda ya karanga.
Haikuwa yake. Ilikuwa yangu,
yenye majina ya watu wake.

Tangu hapo nimejifunza kukalia mikono.
Sisemi kwa mafumbo, naikalia kweli,
mpaka vidole vinakufa ganzi.
Ulipoandika Apio ukaweka herufi kubwa katikati,
niliikalia.
Ulipoandika kwamba babu yako amezaliwa
miaka saba baada ya mwanawe,
niliuma ulimi, nikamimina chai,
nikauliza tu, "Hawa wawili, nani alimbeba mwenzake?"
Ukatazama. Ukacheka mpaka padri akachungulia.
Ukafuta mwenyewe.
Kifutio kilibaki kama punje ya hindi.

Kuna Jumamosi hukuja. Mbili. Tatu.
Nikasema ni mvua. Nikasema ni abiria.
Usiku nikasema, labda ni lile swali langu.
Ya nne ukaingia na sauti ya shangazi yako kwenye simu,
dakika arobaini, jogoo akiwika katikati,
na jina tulilolitafuta daftarini tukakuta pengo
(padri wa zamani alipiga kistari, akasonga mbele)
shangazi alilitaja huku anapepeta wimbi,
bila hata kusita.

Asekenye.

Uliandika herufi moja, ukangoja, ukaandika nyingine,
kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.
Ukaniuliza, "Ni K moja?"
Nilijua.
Nikasema, "Lisome kwa sauti, usikie."

Leo mlangoni kasimama binti, Nyachwo,
sare ya hospitali, viatu mkononi kwa ajili ya matope.
Amekuja kuuliza tu, si kukaa.
Mdomo wangu ulikuwa umekwisha kufunguka.
Wewe ukavuta kiti, kile kizuri,
madaftari ukayahamishia dirishani,
penseli ukaiweka upande wake.
"Mimi hapa," ukamwambia,
"babu yangu nilimpa mtoto kabla hajazaliwa. Kaa."

Nikaenda kuchemsha chai.
Nilichemsha kwa muda mrefu, maji yakapungua nusu.
Treni ya mizigo ikapita, vikombe vikalia,
nikachungulia:
binti ameinama, anaandika, anafuta, anaandika,
na mikono yako, Ojilong, sikuiona.
Ulikuwa umeikalia.